Shukrani kwa kaka wa Fuso ya viazi, njia ya Kitulo
Kaka yangu, jina lako sikuuliza, ukungu na hofu vilinizidi. Krosi ya propela ya nyuma ya gari langu, kile kiungo cha mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya nyuma, ilikatika mlimani, juu ya Isyonje. Uliweka mawe kwenye matairi, ukaingia chini ya gari kwenye tope lile, ukaifungua propela nzima. "Dada, weka foo-wili, ile ya kupeleka nguvu na mbele, gari litavutwa na matairi ya mbele. Taratibu tu." Nikafika Mbeya. Hela ukakataa.

Ulinionyesha vile vyuma vya krosi mkononi mwako: vikavu, vina vumbi jekundu la kutu kama unga wa ulezi. Mimi nilikuwa nahesabu dizeli na matairi tu, grisi nimeisahau. Sasa nikitoka matopeni napiga grisi kwanza. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kaka. Mungu akulinde barabarani.