Jumamosi tunaanza Oshi no Ko

Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa 2 usiku tunaanza Oshi no Ko, ile anime (katuni ya Kijapani) ya 2023. Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia saa moja na nusu, kwa hiyo kuleni mapema. Mara ya mwisho tulisimamisha mara tatu kusubiri chipsi za watu.

Msidanganyike na yale macho yenye nyota. Ai ana miaka 16, mwimbaji kipenzi cha watu, na anaficha mimba kwa sababu mashabiki wanamtaka awe wao tu. Damu ipo. Sehemu ya 6 ndiyo nzito zaidi: binti wa kipindi cha TV cha kutafuta wachumba anasoma matusi anayotupiwa kwenye simu usiku kucha, mpaka anafikia kutaka kujiua. Asiyeiweza anifuate pembeni, tutairuka bila maswali.

Mlioiona tayari, midomo kufuli jamani!