Mhariri, tuonyesheni na pale ndege anapoishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee zile picha za ndege wa porini mnazotuwekea gazetini. Nazipenda sana na sitaki ziondolewe, ila karibu zote ni za aina moja, yaani sura ya ndege imejaa fremu nzima, jicho linang'aa, manyoya unaweza kuyahesabu moja moja, halafu nyuma yake pamefifia kabisa hujui kama huyo ndege yuko ziwani, msituni au uwanja wa mpira. Mi naona hii ikiendelea kuwa ndo kipimo pekee cha picha nzuri inawaumiza ndege wenyewe.

Sababu iko wazi. Kumjaza ndege mdogo kwenye fremu inataka lensi ya milimita 500 au 600, kitu kizito na cha bei kubwa, na watu wengi walichonacho ni simu au kakamera ka kawaida. Sasa mtu ameshaona picha inayopata nafasi gazetini ni ile ya karibu, atafanya nini? Atasogea. Atasogea tena, ndege ataacha kula, atainua shingo, ataanza kupiga kelele za tahadhari, na mtu bado anasogea kwa sababu kwenye kioo cha simu ndege bado ni kidoti. Wale wanaotaga chini mchangani wengine hujifanya bawa limevunjika wanaburuzika ili wakuvute mbali na mayai, na hapo mpiga picha anafurahi eti kapata ndege asiyekimbia! Muda wote huo mayai yako juani bila mama.

Wengine wanacheza sauti ya ndege kwenye simu ili dume atokee. Anatokea kweli, kwa sababu anadhani kuna mwenzake kavamia eneo lake, anaacha kutafuta chakula na kulinda makinda anakuja kupambana na spika. Wengine wanakata matawi kwenye kiota ili waone vizuri, wakiondoka jua linawapiga makinda na kunguru naye anaona vizuri vilevile. Na siku hizi kuna droni. Mwaka 2021 kule California, sehemu inaitwa Bolsa Chica, droni ilianguka katikati ya buabua, ndege wa pwani wanaotaga chini mchangani, waliokuwa wanaatamia, ndege kwa maelfu wakaruka wakaacha mayai yao zaidi ya 1,000 na hawakurudi. Droni moja tu.

Tamaa ya kukaribia siyo mpya. Mwaka 1892 Mwingereza Cherry Kearton alipiga picha ya kiota chenye mayai akiwa na kaka yake Richard, na baadaye hao ndugu wakatengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi wakawa wanajificha ndani yake na kamera. Hao angalau walifikiria kujificha. Mwingereza mwingine, Eric Hosking, mwaka 1937 alipoteza jicho la kushoto alipopigwa na bundi aliyekuwa na makinda, na hiyo habari husimuliwa kama ushujaa wa mpiga picha, na kweli mtu alirudi kazini akaendelea, namheshimu, lakini yule bundi naye alikuwa anatuambia kitu na naona hasikilizwi mpaka leo.

Ninachoomba ni mchague pia picha ambazo ndege ni mdogo na mahali ni pakubwa. Korongo mmoja kwenye kingo za mto, ukungu unapanda, matete yameinama upande mmoja kwa upepo, hapo msomaji anajua huyu ndege anakula wapi, analala wapi, na siku ule mto ukikauka atajua nini kimepotea. Picha za mandhari zina nguvu kuliko tunavyodhani jamani. Mmarekani Carleton Watkins alipiga picha bonde la Yosemite kule California mwaka 1861 kwa kamera kubwa iliyotumia vioo badala ya filamu, picha zikasambaa hadi kwa wakubwa, na mwaka 1864 Rais Lincoln wa Marekani akasaini sheria ya kulilinda lile bonde. Wengi waliozitazama hawakuwahi kukanyaga kule!

Na picha ya hivi hata mwenye simu anaiweza, ndo uzuri wake. Unakaa mbali, unatulia, hata ndani ya gari maana ndege wengi wanaogopa mtu anayetembea kuliko gari lililosimama. Unaenda alfajiri mwanga ukiwa laini. Unaangalia upepo unatoka wapi, kwa sababu ndege hutua na kuruka wakiuelekea upepo, kwa hiyo ukiupa mgongo watakuja wanakutazama wewe bila kuwasumbua wala kuwafuata. Aliye na kamera aweke spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, kama 1/2000 ya sekunde kwa ndege anayeruka, na abakishe nafasi mbele ya ndege kwenye fremu, asibanebane. Halafu subira. Ukikaa kimya muda wa kutosha ndege wenyewe wanarudi kwenye shughuli zao, na hiyo ndo picha.

Kwa upande wenu Mhariri, mtu akituma picha muulizeni aliipataje, alikuwa umbali gani, alicheza sauti, kulikuwa na kiota? Ikiwa kuna kiota bora msiichapishe kabisa hata kama ni nzuri ya kutoa machozi. Mahali pa ndege adimu msipataje kwa jina, semeni tu ni ziwani au ni msitu wa milimani inatosha, na zile za mtandaoni mfute kwanza taarifa za GPS, yaani za mahali picha ilipopigwa, zinazobaki ndani ya faili maana kuna watu wanazisoma na siyo wote wanaenda na kamera. Chini ya picha andikeni jina la ndege na anafanya nini pale. Picha ya karibu iliyopigwa kwa lensi ndefu kutoka mbali nayo iwekeni, sina ugomvi nayo, ila semeni hivyo kwenye maelezo ili kijana mwenye simu asidhani jamaa alisogea.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha za ndege