Mtoto akikutwa na sukari kabla ya miezi sita, ulizeni kipimo cha vinasaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kifuani muda mrefu sana.

Mtoto wa dada yangu alikutwa na sukari akiwa na miezi mitatu. Miezi mitatu jamani, hata kukaa hajui. Wa kwanza kushtuka alikuwa bibi yake, aliona sisimizi wanajaa kwenye nepi za kitambaa zilizokuwa pembeni zinasubiri kufuliwa, leo sisimizi kesho sisimizi, na mtoto ananyonya kama hashibi alafu anazidi kukonda. Tukampeleka zahanati tukapewa dawa ya nimonia kwa sababu alikuwa anahema kwa nguvu, siku ya pili kalegea kabisa tukakimbilia hospitali, nesi mmoja mtu mzima akamtoboa kisigino akaweka damu kwenye mashine, mashine haikutoa hata namba, iliandika HI tu, yaani sukari imepita pale inapoweza kusoma. Yule mama Mungu ampe maisha marefu.

Tukaambiwa ni kisukari aina ya kwanza, sindano za insulini maisha yake yote. Basi ndo yakaanza, mara nne kwa siku kwa mtoto wa kilo nne na kitu, dozi ndogo mpaka mkono unatetemeka unapoivuta kwenye bomba, ukizidisha kidogo tu sukari inashuka mtoto anakurukia degedege. Dada hana friji, insulini ilikuwa inakaa kwenye mtungi kona ya chumba. Miaka miwili na nusu tumeishi hivyo.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kisukari kinachoanza kabla ya miezi sita mara nyingi sio aina ya kwanza kabisa, kwa umri huo kosa huwa liko kwenye vinasaba, na moja ya makosa yanayoonekana sana liko kwenye milango ya potasiamu.

Hii milango nieleze kama daktari alivyonichorea nyuma ya karatasi ya kliniki. Seli za mwili ndani zina potasiamu nyingi kuliko nje, na kwenye utando wake kuna vimilango vya protini vinavyopitisha potasiamu, sodiamu inakataliwa japo ni ndogo zaidi (Mmarekani Roderick MacKinnon alionyesha umbo la mlango kama huo mwaka 1998 akapata Nobel 2003). Mapigo ya moyo, ubongo, misuli, vyote vinategemea milango hii kufunguka na kujifunga kwa wakati. Kwenye kongosho, seli zinazotengeneza insulini zina mlango wao. Ukiwa na njaa uko wazi, potasiamu inatoka taratibu na seli imetulia. Ukila, sukari inaingia, seli inapata nguvu, ile nguvu ndo inayoufunga mlango, umeme wa seli unabadilika, kalisiamu inaingia na insulini inamwagwa kwenye damu. Mambo haya mwanasayansi Frances Ashcroft na wenzake wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, waliyaonyesha tangu 1984.

Kwa mtoto wetu mlango haufungi. Insulini anayo, imo humo humo kwenye kongosho, imekosa tu amri ya kutoka. Niliposikia hivyo nililia pale pale kwenye benchi.

Na dawa ya kuufunga ipo tangu miaka ya 1960, ni glibenklamaidi, wengi tunaijua kama Daonil, vidonge vile vile baba yetu anameza kila asubuhi! Kosa lenyewe la kinasaba liligunduliwa 2004 na watafiti wa vyuo vikuu vya Exeter na Oxford, na 2006 wakatoa majibu kwamba kati ya wagonjwa 49 waliojaribiwa vidonge vya jamii hiyo, 44 waliacha sindano kabisa. Mtoto wetu kazaliwa miaka mingi baada ya hapo.

Kilichotuokoa ni daktari mgeni pale kliniki, aliuliza swali moja tu, huyu alianza akiwa na miezi mingapi? Damu ikatumwa nje, majibu yakaja, akalazwa, wakawa wanapandisha kidonge na kushusha insulini kidogo kidogo huku wanampima usiku na mchana. Leo dada anasaga kidonge kwenye kijiko cha maji, mtoto anakunywa, anakimbilia kucheza. Ila kuongea bado anachelewa, manake milango hiyo hiyo ipo na kwenye ubongo, na madaktari wanasema dawa ikianza mapema ndo inasaidia zaidi. Ile miaka miwili na nusu nani ataturudishia?

Wazazi nawaomba msikimbilie duka la dawa kumpa mtoto Daonil kwa kusoma barua hii. Wapo vichanga ambao kosa lao ni la kinasaba kingine na hao bila insulini wanakufa, na kubadilisha kunafanyika hospitali chini ya uangalizi. Ninachoomba ni kipimo. Maabara ya Exeter kule Uingereza imekuwa ikipima bure damu za watoto wa nchi yoyote waliogundulika kabla ya miezi tisa, daktari wako ndo anayetuma. Hata kama mtoto sasa ana miaka kumi na amezoea sindano, kama alianza akiwa kichanga rudini mkaulize, wapo waliobadilishwa wakiwa watu wazima.

Na manesi na madaktari wetu, kwenye kadi ya kila mtoto wa sukari andikeni kwa herufi kubwa alianza akiwa na umri gani.

Mama mdogo wa mtoto,
Sengerema