Mzee, bunduki yako si mbovu, ila bolti si yake

Wiki iliyopita niliitwa mwizi mbele ya wateja watatu na kijana muuza kahawa. Aliyeniita ni mzee wa watu, tunaswali msikiti mmoja, na shikamoo yangu aliipokea vizuri tu. Kisha nikamtajia bei. Alikuwa ameleta bunduki "nipanguse tu", mimi nikamwambia imeshakaguliwa, ni shilingi 60,000, na kwa usalama wake asiipige hata risasi moja mpaka tujue bolti yake ya asili, kile chuma cha kuvuta kinachoifungia risasi nyuma ya mtutu, iko wapi. Akanitazama, akasema: "Nyinyi mafundi mnazichukia za zamani ili tununue hayo mabati yenu."

Wazee wangu, mimi siuzi bunduki. Sina hata moja ya kuuza. Natengeneza, kwa leseni, hapa Tanga mjini, kazi niliyoachiwa na mjomba. Lakini hilo neno la za zamani kuwa chuma na mpya kuwa bati nalisikia kila mwezi, kutoka Handeni, Korogwe, hadi Mkinga, na kwa kuwa safari hii limekuja na matusi, acha nilijibu mara moja nipumzike.

Kwanza, lina ukweli wake. Chukua Winchester 70, bunduki ya kuwindia ya Kimarekani. Ilitoka mwaka 1936, na bolti yake ilikuwa na ule ukucha mrefu wa pembeni, waliouiga kwa Mauser ya Kijerumani, unaoishika risasi tangu inapopanda kutoka kwenye magazini hadi ganda linaporushwa nje. Ukiigeuza bunduki juu chini ukavuta bolti, bado inakula. Mwaka 1964 kiwanda kikabana matumizi. Ukucha ule ukaondolewa, ukawekwa mdogo wa kupachika kwenye uso wa bolti, na ile michoro ya kukwaruza ya kushikia kwenye kitako, iliyokuwa inachongwa, ikawa inagandamizwa kwa mashine kama muhuri wa biskuti. Wamarekani wenyewe walipiga kelele. Mpaka leo iliyotengenezwa kabla ya 1964 ina bei yake peke yake.

Sasa tatizo la wateja wangu ni kwamba saa yao ilisimama hapo hapo 1964. Ukucha mrefu ulirudishwa miaka ya 1990. Kiwanda cha New Haven kikafungwa 2006, na mwaka 2008 bunduki hiyo ikaanza kutoka South Carolina chini ya kampuni ya FN ya Ubelgiji. Baadaye kazi ya kuziunganisha ikahamia Ureno. Hizi za karibuni nimezifungua. Chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inamolala risasi, imenyooka sawa na tundu la mtutu, bolti inakaa sawa pande zote mbili, na ukiweka kipimo huna la kusema. Mashine inayoongozwa na kompyuta haichoki saa tisa alasiri wala haigombani na mkewe asubuhi. Za miaka ya 1950 nilizofungua, moja inakaa kama pete kidoleni, ya pili unajiuliza ilitoka kiwandani siku gani ya wiki.

Kinachopungua kwenye mpya ni mkono wa mtu. Ya zamani bolti yake iling'arishwa mpaka inateleza kama imepakwa samli. Ya sasa unaisikia ikikwaruza kidogo hadi uizoee. Vyuma vidogo vidogo siku hizi vingi vinamwagwa kwenye kalibu badala ya kuchongwa. Na watu wakiona alumini kwenye kifuniko cha magazini wanapiga ukelele, "Unaona? Bati!" Bwana, Winchester walitia alumini hapo tangu 1952, kwenye ile nyepesi yao, miaka kumi na mbili kabla ya hiyo 1964 mnayoililia.

Halafu mtu akisema "ya zamani", mimi namuuliza zamani ipi. Mauser 98 ni ya mwaka 1898. Zile za kabla ya Vita ya Kwanza, hasa za kuwindia, mpaka leo sijaona chuma kilichochongwa kwa subira vile. Lakini za kijeshi za 1944 na 1945, Ujerumani ikiwa taabani, zina alama za tupa waziwazi na vipande vya bati la kukunja mahali palipokuwa na chuma cha kuchonga. Zote Mauser 98, zote za zamani. Ukiambiwa na muuzaji kwamba hii ni "ya Vita vya Tanga", hapo ndipo ushike mfuko vizuri zaidi. Novemba 1914 askari wengi wa Wajerumani hapa Tanga walikuwa na bunduki za mfano wa 1871, za baruti ya moshi, ukipiga moja kila mtu anajua ulipo. Hadithi haiongezi unene wa mtutu.

Mimi ukiniuliza bunduki ya kaliba ya .375, yaani upana wa risasi kwa inchi, ya kufanyia kazi porini, nachukua BRNO 602 yenye mtutu safi, hata kitako kikiwa kimefungwa waya. Hiyo CZ 550 iliyoifuata nayo haina neno, basi tu wameshaacha kuitengeneza. Wengine watabisha. Wabishe.

Turudi kwa mzee. Bunduki yake ni Mauser ya 9.3, kaliba ambayo Otto Bock wa Berlin aliitoa mwaka 1905 ili iingie kwenye Mauser ya kawaida bila kuchongachonga, na walowezi wa Kijerumani huku kwetu wakaipenda. Aliinunua kwa warithi, karatasi zote zimenyooka. Kwa nje ni bibi harusi: kitako kimepigwa msasa na vanishi, chuma kinang'aa. Kung'aa huko ndiko kulikonitia wasiwasi, maana Mauser ya umri ule inatakiwa iwe imepauka kidogo, na herufi zake ziwe na ncha. Hizi zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyobaki.

Nikachomoa bolti. Kwenye shina la mkono wake kuna namba, na namba hiyo haikufanana na ya mtutu. Hapo nikaacha kupangusa. Nina vipimo viwili vya chuma kwa kila kaliba ninayoikubali: kimoja bolti lazima ifunge juu yake, kingine lazima ikatae. Cha kwanza, ikafunga. Cha pili nikakitia taratibu, kwa vidole viwili tu, nikitarajia mkono wa bolti usimame njiani. Ukashuka mpaka chini, laini kabisa, kama mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Maana yake risasi inakaa na nafasi nyuma yake. Ukipiga, ganda linasukumwa nyuma na kuvutika, na siku moja linapasuka karibu na makalio ya ganda lenyewe. Moto unaotoka hapo unarudi kwa aliyelenga. Mauser alitoboa matundu kwenye bolti ili hewa hiyo ipite pembeni, Mungu amrehemu, lakini matundu yale ni ya bahati mbaya, hayakuwekwa ili mtu ayategemee kila Jumamosi.

Na ukucha nao ulikuwa umepigwa tupa. Hili nalijua linavyoanza. Mtu ana haraka, badala ya kuishindilia risasi kwenye magazini anaitumbukiza kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba, kisha anaigonga bolti kwa kiganja. Ukucha wa Mauser haukutengenezwa kuruka ukingo wa ganda; risasi inatakiwa ipande kutoka chini ijiingize yenyewe. Ukilazimisha, unamegeka ncha. Au jirani mwenye tupa anasema "ngoja nikusaidie", anaupunguza, bolti inafunga raha mustarehe. Miezi sita baadaye ganda linabaki ndani na nguruwe pori yuko hatua kumi. Kuagiza ukucha, vibali vyake na kuukalisha mahali pake ni zaidi ya mara nne ya hizo 60,000 zilizonifanya niitwe mwizi.

Njia ya mkato nyingine, ya kwetu hasa, ni mafuta ya nazi. Naomba mnisikilize. Kuna mkulima wa Lushoto alinijia mara mbili na malalamiko yale yale: asubuhi bunduki inagoma, triga inavutika, inasikika "tk", risasi haitoki. Mara ya kwanza nimeijaribu hapa dukani saa saba mchana, pini ya kulipulia risasi inagonga sawasawa. Nikamrudishia. Akanisema vibaya kijiji kizima. Aliporudi tena ilikuwa mwezi wa saba, nikaiacha usiku kucha, alfajiri nikaifungua kabla jua halijachoma. Ndani ya bolti, springi ya pini ilikuwa imezungukwa na kitu cheupe kizito. Nikanusa. Nazi! Kila mtu hapa anajua chupa ya mafuta ya nazi asubuhi za kipupwe unaianika juani ndiyo upake nywele; yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda. Lushoto hizo nyuzi 24 wanaziona mchana. Bunduki yake, kwa taarifa yenu, ilikuwa mpya, miaka mitatu, na yeye alishaamua ni mbovu kwa sababu ni mpya.

Kuhusu kutu nitasema kwa ufupi ingawa ndiyo inayonilisha. Risasi za kijeshi za zamani, fataki zake, zile zinazowasha baruti, nyingi zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi haitoki kwa mafuta ya taa wala kwa mafuta yoyote. Inatoka kwa maji ya moto, kisha unakausha, kisha ndipo mafuta. Ongeza upepo wetu wa bahari. Mtutu wa mzee, nilipoingiza taa, ulikuwa na vishimo kuanzia chemba hadi karibu nusu, na aliyeusafisha alikuwa anapitisha mdeki wenye kitambaa kilicholowa mafuta, kwa nia njema kabisa, anaifunika chumvi blanketi.

Kwa hiyo hizo 60,000 ni za hivi: kufungua yote, kuosha, taa, vipimo viwili, kupitisha risasi za bandia kwenye magazini, kupima pini. Nusu siku. Anayekutoza 15,000 anakupangusia nje, na kupangusa nje hata mke wako anaweza. Ukija, leseni kwanza, bunduki iwe tupu na bolti mkononi, na usiipige msasa ukidhani unanirahisishia.

Jana mzee amerudi. Hakuomba radhi, lakini alileta ndizi, na alileta habari: warithi wanasema kule kwenye shamba la mkonge zilikuwa mbili, za kaliba moja, zikisafishwa na mlinzi mmoja kwenye meza moja. Ya pili iliuzwa kwa mtu wa upande wa Muheza, hawana uhakika nani. Bolti iliyomo kwenye hii ya mzee, namba yake inaishia na 31. Ya kwake inatakiwa iishie na 78. Basi kama una Mauser ya 9.3 na mtutu wake unaishia na 31, chomoa bolti uisome. Ikiwa ni 78, usiipige. Ilete pamoja na leseni yako. Hiyo nitaikagua bure.