Barua kwa Rehema: mashine pepe ya kujengea GROMACS

Kwako Dada Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na natumaini nyumbani hamjambo. Ujumbe wako nimeupata: una kompyuta ya Windows 11 yenye RAM ya GB 16, na unataka mahali pa kuifumua na kuijenga kodi ya GROMACS, yaani msimbo chanzo wa programu ya kuiga mienendo ya molekuli, bila kuivuruga Windows yenyewe. VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako), pamoja na Ubuntu Server 24.04, ambayo ni mfumo wa Linux, vinatosha. Ila naanza na jambo ambalo miongozo mingi hulitaja mwishoni au hulisahau kabisa. Ukilikosa, programu itajengeka vizuri, itafanya kazi, na hutajua kwamba inatambaa.

Wakati wa kujenga, GROMACS huikagua prosesa na kuchagua amri za SIMD, yaani zile zinazokokotoa namba kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kati ya aina zake, AVX2 hubeba namba nane za usahihi wa biti 32, SSE4.1 hubeba nne tu. Core i5 na i7 tangu kizazi cha Haswell cha 2013 zina AVX2. Lakini mashine pepe haiioni prosesa yako ilivyo. Inaona kile VirtualBox inachoionyesha. Windows ikiwa imewasha Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, VirtualBox hulazimika kupanda mgongoni mwa Hyper-V, na mara nyingi AVX2 hupotea njiani. Dalili yake ni kobe mdogo wa kijani kwenye kona ya chini, kulia mwa dirisha la mashine pepe. Waliomweka hapo kobe walijua wanachosema.

Kumwondoa, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika amri hii kisha uiwashe kompyuta upya:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kobe akibaki, nenda Windows Security, Device security, Core isolation, uzime Memory integrity. Fahamu kwamba huo ni ulinzi unaouondoa, na kwamba WSL2 (Linux ya ndani ya Windows) itagoma hadi uandike auto badala ya off. Kama kompyuta ni ya ofisi, omba ruhusa kwanza. Na kama huwezi kuizima Hyper-V, endelea hivyo hivyo. Kwa kuandika na kujaribu kodi utavumilia, mradi usije ukapima kasi humo na kuamini unachokiona.

Ubuntu ikishawaka, uthibitisho ni huu:

grep -c avx2 /proc/cpuinfo

Jibu liwe sawa na idadi ya viini (cores) ulivyoipa mashine. Likiwa sifuri, AVX2 haijafika.

Sasa mashine yenyewe. Hakikisha kwanza kwenye Task Manager, ukurasa wa Performance, kwamba Virtualization imeandikwa Enabled. La sivyo, iwashe kwenye BIOS, ambako huitwa VT-x kwa Intel na SVM kwa AMD. Faili la ISO ni karibu GB 3, kwa hiyo ukishalipakua lihakiki kwa certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe na namba iliyoko kwenye ukurasa wa Ubuntu. Faili lililokatika katikati ya bando huleta makosa ya ajabu ambayo hayafanani hata kidogo na chanzo chake.

Ipe RAM ya GB 8, viini 4 na diski ya GB 60 inayokua kadiri inavyojaa. Kwenye viini hesabu vile halisi: prosesa yenye viini 4 na nyuzi (threads) 8 ina viini 4, na VirtualBox ikigawa zaidi ya hapo kasi hushuka. VirtualBox ikitaka kusakinisha Ubuntu yenyewe bila kukuuliza kitu, ikatalie, maana hukupa mtumiaji anayeitwa vboxuser, ambaye mara nyingi hana ruhusa ya sudo. Kwenye usakinishaji weka alama OpenSSH server, ya kuingilia mashine kutoka nje.

Hapa kuna mtego wa diski. Msakinishaji wa Ubuntu Server akitumia LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski), kwa diski ya ukubwa huu huchukua nusu tu ya nafasi na kuiacha nusu nyingine imelala. Siku moja df -h itakuambia diski imejaa wakati ulitoa GB 60. Ifungue mapema:

sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Mtandao uache kwenye NAT (mashine hutoka nje kupitia kompyuta yako), ila kwenye Port Forwarding elekeza poti 2222 ya kompyuta yako iende poti 22 ya mashine. Kisha utaingia kutoka Windows kwa ssh -p 2222, jina lako, @127.0.0.1, na dirisha jeusi la VirtualBox hutalihitaji tena.

Vifaa vya kazi:

sudo apt-get install build-essential cmake git ccache libfftw3-dev python3-venv

Nimeandika apt-get kwa makusudi. Amri fupi ya apt hufuta vifurushi ikishavisakinisha, lakini apt-get huviacha kwenye /var/cache/apt/archives, na wenzako wenye Ubuntu ileile wanaweza kuvinakili kwa flashi badala ya kila mmoja kuchoma bando lake. Utapata GCC 13 na CMake 3.28, vyote vinakubalika kwa GROMACS 2024. OpenMPI, ya kugawa kazi kwa kompyuta nyingi, iache, ndani ya kompyuta moja GROMACS ina nyuzi zake za thread-MPI.

Zima mashine sasa, piga snapshoti (picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia), uiite safi. Usizirundike nyingi, kwani kila moja hula diski na kukutatiza ukitaka kuipanua baadaye.

Kodi ichukue bila historia nzima:

git clone --depth 1 --branch release-2024 https://gitlab.com/gromacs/gromacs.git

Iweke ndani ya diski ya mashine pepe, chini ya /home. Najua utashawishika kuiweka kwenye folda ya pamoja na Windows ili uihariri huko. Usifanye hivyo: folda hiyo ni ya polepole kwa maelfu ya mafaili madogo, na viungo vya symlink hukataliwa humo. Ukitaka kuhariri kutoka Windows, VS Code huingia kwa SSH kupitia poti ileile ya 2222.

Ndani ya gromacs tengeneza folda ya build-release, ingia humo:

cmake .. -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/gmx -DCMAKE_CXX_COMPILER_LAUNCHER=ccache
make -j4
make check
make install

Kwenye maandishi ya CMake tafuta mstari unaotaja SIMD. Ndipo utakapojua kama kobe ameondoka kweli. Folda ya pili, build-debug, ni ya kusakia makosa kwa -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug. Usizichanganye.

Make ikikatika na neno Killed karibu na cc1plus, kodi yako haina kosa. RAM imeisha na kerneli imemuua kompaila. Sudo dmesg itakuonyesha Out of memory. Kadiria GB 2 kwa kila kazi ya -j, kwa hiyo shuka hadi -j2 na urudie amri. Make itaendelea ilipoishia. Onyo la Clock skew detected nalo hutokea ukifunika kompyuta ikalala, saa ya mashine pepe ikabaki nyuma. Subiri saa ijirekebishe kisha ujenge tena, vinginevyo make inaweza kuruka faili ulilolibadilisha.

Baada ya hapo, source $HOME/gmx/bin/GMXRC, kisha gmx --version. Mstari wa SIMD instructions useme AVX2_256.

Ukitaka kuwagawia wanafunzi mashine nzima kama faili la OVA (mashine pepe iliyofungwa kwenye faili moja), jenga upya kwa -DGMX_SIMD=SSE4.1. Ile ya AVX2 ikifika kwenye kompyuta kuukuu itakufa na Illegal instruction kabla haijakokotoa hata hatua moja. Na kadi yako ya NVIDIA VirtualBox haitaipitisha kwa CUDA (mfumo wa kukokotoa kwa kadi ya picha), kwa hiyo mwigo wa siku tatu upeleke kwenye seva. Humu jaribu hatua elfu chache tu.

Ukikwama kwenye make check, nitumie jina la jaribio lililoanguka pamoja na mistari ishirini iliyotangulia. Wasalimie watoto.

Wako,
Juma