Amri ya Washington haishuki hadi kwa diwani

Mhariri,

Kila Ikulu ya Marekani inapotoa amri, kurasa zenu za kimataifa huiandika kana kwamba itashuka kutoka Washington hadi kwa gavana, kutoka kwa gavana hadi kwa meya, na kesho yake asubuhi polisi wa mjini wataanza kuitekeleza. Msomaji wa Tanzania halaumiki akiamini hivyo, maana kwetu Rais ndiye anayemteua mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri. Marekani Rais hateui gavana wala meya, na hawezi kumwondoa hata diwani mmoja.

Kuna kosa la pili, nami naliona kubwa zaidi kwa sababu hufanywa na wanaojua kwamba Marekani ni shirikisho. Hao hudhani uhuru ulio nao jimbo mbele ya Washington ndio huohuo ulio nao mji mbele ya jimbo. Sivyo hata kidogo. Majimbo ndiyo yaliyoiunda serikali ya shirikisho, na mamlaka ambayo hayakuikabidhi yamebaki kwao na kwa wananchi. Ndivyo yasemavyo Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya mwaka 1791. Mji nao umeundwa na jimbo. Katiba ya Marekani haitaji mji wala kaunti popote. Mkenya, ambaye kaunti zake 47 zimeorodheshwa kwa majina ndani ya Katiba ya 2010, atashangaa kusikia kwamba Connecticut na Rhode Island hazina serikali za kaunti kabisa, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Tuanze na uhusiano wa juu. Mwaka 1993 Bunge la Congress lilipitisha sheria iliyowataka wakuu wa polisi wa mitaa, wakiwamo masherifu wa kaunti, wachunguze rekodi za watu wanaotaka kununua bastola. Sherifu mmoja wa Montana na mwenzake wa Arizona wakaipinga mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba Washington haiwezi kuwageuza watumishi wa jimbo au wa kaunti kuwa watumishi wake. Ikitaka kazi ifanyike, iajiri watu wake na iwalipe yenyewe.

Hukumu hiyo ndiyo ufunguo wa habari za uhamiaji ambazo gazeti lenu huzichapa karibu kila wiki. Idara ya uhamiaji inapomwandikia sherifu amshikilie mahabusu kwa hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka, hilo kwa sheria ya shirikisho ni ombi. Kaunti inaweza kukubali au kukataa. Lakini mji unaojiita kimbilio la wahamiaji hauna uwezo wa kuwafungia mlango maafisa wa shirikisho wenyewe. Wataingia na watakamata kwa mamlaka yao. Kinachozuiliwa ni msaada wa polisi wa mji, basi. Wahamiaji wanaosoma vichwa vya habari vinavyochanganya mambo haya mawili wanaweza kujiona salama pasipo na usalama.

Washington isipoweza kuamuru, hununua. Umri wa kununua pombe ni mamlaka ya jimbo, na South Dakota ilikuwa ikiwauzia vijana wa miaka 19 bia hafifu. Mwaka 1984 Congress ikapitisha sheria kwamba jimbo lisilopandisha umri hadi 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ilishitaki ikashindwa mwaka 1987: mahakama ilisema kukatwa asilimia 5 ni kishawishi tu, hakujafikia kulazimishwa. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali 21. Mstari wa kulazimishwa ulikuja kuchorwa mwaka 2012, pale sheria ya afya ya Obama ilipotishia kuyanyima majimbo fedha zote za Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, endapo yangekataa kuipanua. Mahakama ikasema hapo pamezidi. Ndiyo sababu Texas na Florida hazijaipanua mpaka leo.

Na mwenye kuweka masharti kwenye fedha hizo ni Congress. Rais akitangaza peke yake kwamba atazinyima fedha miji fulani, mwandishi aulize kwanza: sharti hilo limo kwenye sheria ipi? Amri ya namna hiyo ya mwaka 2017, iliyoilenga miji ya kimbilio, ilizuiwa na mahakama za shirikisho huko California kwa hoja hiyohiyo.

Sasa tushuke chini, ambako mambo hugeuka. Jambo lilelile ambalo Washington haiwezi kumlazimisha sherifu, Texas ilimlazimisha mwaka 2017 kwa sheria ya jimbo: ombi la uhamiaji lazima litekelezwe, na kiongozi wa mtaa akikaidi anaweza kutozwa faini na hata kuondolewa madarakani. Miji yake mikubwa ilikwenda mahakamani, na sehemu kubwa ya sheria hiyo ikabaki. Huko Alabama, mapema mwaka 2016 madiwani wa Birmingham walipandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 10.10 kwa saa. Bunge la jimbo likapitisha haraka sheria ya kuikataza miji kufanya hivyo, gavana akaisaini mwezi huohuo wa Februari, na wafanyakazi wakabaki na kima cha shirikisho cha dola 7.25. Mbele ya jimbo lake mji ni kama mtoto mbele ya mzazi: ana chumba chake, lakini kitasa si chake.

Kisa kinachoonyesha ngazi zote kwa pamoja ni cha maji yenye sumu ya mji wa Flint, jimbo la Michigan, na nashangaa kwa nini huelezwa kama habari ya mabomba tu. Mji ulikuwa na madeni, na sheria ya Michigan ilimruhusu gavana kuweka msimamizi wa dharura mwenye mamlaka ya meya na madiwani kwa pamoja. Wapiga kura wa jimbo zima waliifuta sheria hiyo kwa kura ya maoni Novemba 2012. Desemba hiyohiyo wabunge wa jimbo wakapitisha nyingine inayofanana nayo, safari hii wakitia ndani kifungu cha matumizi ya fedha, kwa sababu Katiba ya Michigan hairuhusu sheria yenye matumizi ya fedha kupelekwa kwenye kura ya maoni. Ujanja mdogo kwenye karatasi, na wananchi wakawa wamefungiwa nje.

Aprili 2014, Flint ikiwa chini ya msimamizi, maji ya Detroit yalikatwa na mji ukaanza kunywa ya Mto Flint ili kubana matumizi. Dawa ya kuzuia ulikaji wa mabomba haikutiwa. Idara ya mazingira ya jimbo ilikuwa imeeleza kwamba si lazima kwa wakati huo. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakamomonyoka kutoka kwenye mabomba hadi kwenye bilauri za watoto. Machi 2015 madiwani walipiga kura 7 kwa 1 kurudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi akakataa, na kisheria kura yao haikumbana. Maji ya Detroit yalirudi Oktoba 2015.

Washington ilikuwa wapi? Sheria ya maji ya kunywa ni ya shirikisho, ila usimamizi wake wa kila siku ulikuwa umekabidhiwa jimbo. Mamlaka ya mazingira ya shirikisho ilikuwa na uwezo wa kuingilia, ikasitasita, na amri yake ya dharura ikatoka Januari 2016. Rais Obama alitangaza hali ya dharura mwezi huohuo, lakini hakutangaza janga kubwa, ambalo kwa sheria yao ni lazima liwe la asili, kama kimbunga, au liwe moto, mafuriko au mlipuko. Kwa hiyo msaada wa awali ukawekewa kikomo cha dola milioni 5.

Ombi langu ni la kikazi. Habari ikisema “Marekani yapiga marufuku”, mwandishi ataje ni ngazi ipi, kwa sheria ipi, na ni watumishi wa nani watakaoitekeleza. Na katika uchaguzi wa Novemba 2026, pamoja na kuhesabu viti vya Congress, tengeni nafasi kwa majimbo 36 yanayochagua magavana na kwa mabunge ya majimbo. Katika majimbo mengi mabunge hayo ndiyo yanayochora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya Congress yenyewe, na ramani ikishachorwa vibaya, viti vingi huwa na mshindi kabla kampeni hazijaanza.

Msomaji wako,
Dar es Salaam