Kitabu cha maswali na majibu hakisomwi kama gazeti

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wanaosoma fizikia chuoni. Vile vitabu vya maswali yaliyokwisha kokotolewa ni vizuri sana, mimi vimeniokoa, ila wengi mnavisoma tu kwa macho, unapitia swali unapitia jibu unasema aah hii nimeielewa, halafu ukifika kwenye testi kalamu haisogei kabisa.

Mimi nilipata sapu (mtihani wa marudio) ya mekanika, yani somo la nguvu na mwendo, hivyohivyo. Nilivyorudia nikawa nafunika jibu kwa karatasi, nachora mchoro wa nguvu zote kwanza, nahangaika hata nusu saa ndo nafunua mstari mmoja tu.

Siku moja nina boksi la kilo 5 kwenye mteremko wa nyuzi 30 usio na msuguano, natafuta mchapuko, yani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Nikazidisha 9.8, mchapuko wa kitu kinachodondoka, kwa kosaini (cos) ya pembe, nikapata mita 8.5 kwa sekunde mraba. Kitabu kinasema 4.9. Badala ya kufuta na kukopi nikajiuliza je mteremko ungekuwa nyuzi sifuri? Kosaini ya sifuri ni 1, yani boksi lililokaa sakafuni lingekimbia kwa 9.8 kama limedondoka kutoka juu, haiwezekani! Pale inatakiwa saini (sin), ambayo kwa nyuzi sifuri ni sifuri, boksi linatulia. Sijaisahau mpaka leo.

Na walimu jamani, msiwakataze vitabu hivi, wafundisheni namna ya kuvitumia, hata kipindi kimoja tu mwanzo wa semista kinatosha.

Msomaji wenu, Morogoro